Kura ya kupanga: namna ya kuitoa mjini na kuifikisha kwenye uchaguzi wa jimbo zima huku Marekani

Kabla hujachapisha fulana wala hujafungua grupu la WhatsApp la kampeni, tafuta katiba ya jimbo lako usome ile sehemu inayosema gavana anapatikanaje. Sio muhtasari, katiba yenyewe, neno kwa neno. Najua inaboa. Ila Maine neno moja tu liliwagharimu miaka, na ntakueleza hapo chini, maana makosa mengi ya hii kazi yanaanzia kwenye makaratasi na sio kwenye kushawishi watu kama wengi mnavodhani.

Naandika kwa Waswahili wenzangu mlioko huku ambao mmepata uraia, mnapiga kura, na mmechoka kila uchaguzi kuambiwa "huyo wako usimpe, utagawa kura, utampitisha yule mwingine." Kama mji wenu tayari unatumia kura ya kupanga, au mmeisikia tu mnataka ifike kwa gavana, maseneta na bunge la jimbo, hii ndo namna ninavyoijua mimi.

Kwanza yenyewe ni nini

Badala ya kuweka alama kwa mtu mmoja, unapanga: huyu wangu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Akipatikana mwenye zaidi ya nusu ya chaguo za kwanza, mchezo umeisha. Asipopatikana, wa mwisho anatolewa, zile karatasi zake zinaangaliwa zilimweka nani wa pili, zinahamia huko, wanahesabu tena, mpaka mmoja azidi nusu ya kura ambazo bado zina mtu hai ndani yake. Huku wenyewe wanaiita RCV, ukisikia hizo herufi tatu ujue ni hii hii.

Mfano wa ukweli, Alaska, Agosti 2022, uchaguzi mdogo wa kiti chao kimoja cha Bunge la Marekani. Raundi ya kwanza Mary Peltola alipata 75,799, Sarah Palin 58,973, Nick Begich 53,810. Hakuna aliyefika nusu, Begich akatoka. Katika watu wake 27,053 walikuwa wamemweka Palin wa pili, 15,467 walimweka Peltola, na wengine zaidi ya 11,000 hawakuwa na mtu mwingine anayehesabika kwenye karatasi, kwa hiyo karatasi zao zikaishia hapo. Jumla ikawa Peltola 91,266, Palin 86,026. Peltola kashinda. Hizo namba zikariri kabisa, zina kila kitu ndani yake, uzuri wa hii kitu na ubaya wake pia, na utaulizwa.

Mpaka sasa majimbo yanayoitumia kwa chaguzi zake kubwa ni mawili tu, Maine na Alaska. Hawaii wanayo lakini kwa vitu vidogo vidogo, chaguzi ndogo za nafasi za shirikisho na viti vilivyobaki wazi kwenye mabaraza ya kaunti. Miji ndo mingi, San Francisco tangu 2004, Minneapolis tangu 2009, New York kwenye mchujo (ule uchaguzi wa chama kumchagua mgombea wake) tangu 2021. Sasa kati ya mji na jimbo kuna bonde, na mwaka 2024 watu wengi walitumbukia humo, Oregon, Colorado, Idaho na Nevada zote zilipeleka kwa wapiga kura zikapigwa chini usiku mmoja.

Katiba, tena

Sasa hii ya Maine. Mwaka 2010 Paul LePage aliukwaa ugavana kwa kama asilimia 38 hivi, yaani zaidi ya sita kwenye kila kumi hawakumtaka na bado akaapishwa, kihalali kabisa. Watu wakakasirika, wakakusanya saini, 2016 wapiga kura wakapitisha kura ya kupanga kwa asilimia kama 52. Shangwe. Halafu Mei 2017 mahakama kuu ya jimbo ikatoa maoni yake kwamba katiba ya Maine inasema gavana na wabunge wa jimbo wanapatikana kwa wingi wa kura, na wingi maana yake aliyezidi wenzake hata kama hajafika nusu, kwa hiyo huwezi ukasema aliyeongoza raundi ya kwanza hajashinda.

Hilo neno lina historia yake bwana. Zamani katiba yao ilidai gavana apate zaidi ya nusu, ikitokea hamna, bunge linachagua. Uchaguzi wa 1879 ukakosa mshindi, ikawa vurugu Augusta, mji mkuu wa Maine, watu wenye silaha mitaani, ikabidi Jenerali Joshua Chamberlain awekwe kulinda jengo la serikali wasije wakachinjana. 1880 wakabadilisha, wakaweka "wingi" ili yasijirudie. Dawa ya ugonjwa ule ndo ikaja kuwa kizuizi cha watu wa 2016, zaidi ya miaka mia baadae.

Matokeo yake mpaka leo hii sheria yao imekaa vipande vipande. Mchujo wa vyama kwa gavana na wabunge wa jimbo, kura ya kupanga. Uchaguzi wenyewe wa gavana Novemba, hamna. Seneti na Bunge la Marekani Novemba, ipo. Rais, ipo tangu 2020. Jaribu kumwelezea hiyo mama mwenye shughuli zake anayetaka kupiga kura arudi nyumbani.

Kwa hiyo unachofanya ni hiki: soma sehemu ya gavana, soma sehemu ya wabunge, andika pembeni maneno yaliyotumika. Kama kuna "wingi wa kura" au maneno kama "aliyepata kura nyingi zaidi", usijipe moyo mwenyewe, tafuta wakili wa masuala ya uchaguzi wa jimbo hilo hilo, na muulize swali moja tu, je tunahitaji kubadilisha katiba au sheria ya kawaida inatosha. Alaska walishtakiwa pia na mahakama yao kuu ikasema sawa, inaruhusiwa. Majimbo mawili, majibu mawili. Ndo maana huwezi ukakopi ya jirani.

Halafu angalia kama jimbo lako limeshapiga marufuku. Florida na Tennessee walianza 2022, wakafuata kina Montana, Idaho, South Dakota, Kentucky, Alabama, Louisiana, sasa hivi yamezidi kumi. Kama upo kwenye mojawapo, kazi yako ni kuondoa marufuku kwanza, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Njia mbili

Njia ya bunge na njia ya petisheni, yaani kukusanya saini za wapiga kura ili swali liende kwa wananchi. Ya bunge kwenye karatasi inaonekana rahisi, mbunge anapeleka muswada, unapita, gavana anasaini. Ila fikiria, unamwomba mtu abadilishe mfumo uliomweka yeye pale. Oregon bunge lenyewe ndo lilipeleka kwa wananchi 2024, na kwenye ule muswada kura ya kupanga ingegusa gavana, nafasi za shirikisho na nyingine za jimbo zima, lakini viti vya wabunge wa jimbo wenyewe vikaachwa nje! Wapinzani walilishika hilo wakalitembeza kila kona na mi siwalaumu, hata ningekuwa mimi ningelitembeza.

Njia ya petisheni ipo kwenye kama nusu tu ya majimbo. Kama unaishi New York au Texas, hakuna petisheni ya kutunga sheria ya jimbo, utabaki na bunge, kwa hiyo nguvu zako peleka mjini kwanza na kwa wabunge mmoja mmoja. Penye petisheni kila sehemu ina masharti yake. Alaska unatakiwa saini sawa na asilimia 10 ya waliopiga kura uchaguzi mkuu uliopita, tena zitoke kwenye angalau robo tatu ya majimbo ya uchaguzi ya bunge lao, na kwenye kila moja ya hayo ufikishe asilimia 7, yaani huwezi ukakaa Anchorage peke yake ukamaliza, lazima ufike mpaka vijiji ambavyo hamna barabara. Nevada kubadilisha katiba kwa petisheni lazima wananchi waseme ndiyo mara mbili, chaguzi mbili tofauti. Nao 2022 walisema ndiyo kwa asilimia kama 53, 2024 wakasema hapana kwa asilimia kama hizo hizo. Miaka miwili ya kazi na hela ikaenda na maji.

Saini

Hapa ndo mimi nilipojifunza kwa kuumia kidogo. Tulikuwa na fomu zetu, tukaziacha kaunta kwenye duka la mtu tunayemjua, tukasema wateja watakuwa wanasaini wenyewe wakija. Tukaambiwa zile zote ni takataka. Sehemu nyingi anayekusanya anaapa kwamba ameona kwa macho yake kila mtu akisaini, fomu iliyolala kaunta haina shahidi. Kwa hiyo simama nayo, wewe mwenyewe, na kalamu mbili tatu maana moja itapotea.

Sababu za saini kukataliwa zinajirudia: hajajiandikisha kupiga kura, kajiandikisha mji mwingine kabla hajahama, kasaini mara mbili kwa sababu alisahau, anwani haisomeki. Lenga kukusanya nyingi kuliko zinazotakiwa, sio kumi zaidi, nyingi haswa. Na kabla hujapeleka, kaa na watu wawili mzipitie moja moja, zile mbovu mzikate wenyewe. Maine petisheni inapita kwanza kwa msajili wa kila mji ndo ifike Augusta, kwa hiyo watu wa miji tofauti huwachanganyi kwenye karatasi moja, na ukisubiri wiki ya mwisho utakuta msajili wa kimji kidogo yupo ofisini siku mbili kwa wiki.

Sehemu nzuri ya kukusanya ni kituoni siku ya uchaguzi, kama jimbo lako linaruhusu. Maine inaruhusu na walilitumia hilo vizuri sana. Si unajua, pale kila anayetoka mlangoni ni mpiga kura, tena wa mji huo huo.

Sasa jambo la kwetu sisi, na hili nalisema taratibu. Kama hujapata uraia, una green card tu au upo kwenye asylum, USISAINI petisheni, na usijiandikishe kupiga kura hata mtu akikuletea fomu kwa tabasamu akasema ni ya kawaida tu. Kudai uraia ambao huna ni kosa linaloweza kukufukuzisha nchi. Ukitaka kuchangia hela, uliza kwanza, sheria za michango kwa wasio raia zinatofautiana. Unaweza kuelezea watu, kutafsiri, kupika chai ya mkutano. Na wewe raia unayekusanya, usimsukume mtu, ukiona anasita usiulize kwa nini, mwache apite.

Makanisa, misikiti na jumuiya zetu zenye usajili wa hisani: kuongelea swali la kura ya maoni inaruhusiwa kwa kiasi, sheria inahesabu kama ushawishi wa sheria na ina kikomo chake. Kumpigia debe mgombea ndo marufuku. Mchungaji au shehe akiogopa, mwelezee hiyo tofauti, wengi hawaijuagi.

Unaandika nini ndani ya sheria

Watu wengi wanadhani hapa ni kazi ya wakili peke yake. Hapana, kaa naye, maana vitu vidogo ndo vinaua.

Cha kwanza ni kuhesabu, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo tofauti kubwa ya mji na jimbo. Uchaguzi wa kawaida kila kituo kinahesabu chake kinapiga simu, huyu 200 huyu 150, unajumlisha basi. Kura ya kupanga huwezi. Kituo hakijui nani katolewa mpaka jimbo zima lijumlishwe, kwa hiyo huwezi kuhamisha chaguo la pili kituoni, unahitaji data ya kila karatasi moja moja, huyu alipanga hivi na yule vile, zote zije sehemu moja. Mjini hiyo sio shida, ofisi ni moja, mashine za aina moja. Jimboni kaunti 60 zina mashine za makampuni tofauti, nyingine za zamani, na kuna vijiji vinahesabu kwa mkono mpaka leo. Maine walilitatua kwa kubeba, yaani makarani wa miji wanafunga karatasi na zile memori za mashine kwenye masanduku yenye kufuli, gari linapita kukusanya linapeleka Augusta, huko ndo wanaskani na kuhesabu raundi. Alaska wao wana ofisi moja ya jimbo inayosimamia uchaguzi wote kwa hiyo ilikuwa nyepesi kidogo, lakini wanasubiri mpaka siku 15 baada ya uchaguzi ili kura za mbali zifike, ndo wanabonyeza raundi.

Kwa hiyo kwenye sheria andika wazi: nani anahesabu, wapi, data inasafirije, matokeo ya raundi ya kwanza yanatangazwa usiku ule ule au yanasubiri. Na andika HELA ZINATOKA WAPI. Makarani wa kaunti ukiwaachia mzigo bila bajeti watakuwa wapinzani wako wa kwanza, na wananchi wanamwamini karani wao kuliko wewe uliyekuja na fulana. Waendee ukawaone mapema, kabla ya petisheni, waulize wana mashine gani na programu gani. Usiende kuwahubiria, nenda na daftari.

Cha pili, karatasi zilizojazwa vibaya. Mtu kaacha nafasi ya kwanza wazi akajaza ya pili, inakuwaje? Mtu kaweka wawili nafasi moja? Maine na Alaska ukiruka nafasi moja wanasogea kwa anayefuata, ukiruka mbili mfululizo karatasi imeishia hapo. Chagua kanuni, iandike, halafu dai mashine zijaribiwe na hiyo kanuni mbele ya watu. Kaunti ya Alameda kule California, uchaguzi wa Novemba 2022, mpangilio wa programu uliwekwa tofauti na kanuni kwa hizo karatasi zenye nafasi ya kwanza wazi, wakaja kugundua mwisho wa Desemba matokeo yakiwa yameshathibitishwa, na kwenye kiti kimoja cha bodi ya shule Oakland mshindi hakuwa yule waliyemtangaza. New York 2021 walisahau kufuta kura za majaribio kama 135,000 kwenye mfumo wakatangaza nazo ndani. Hayo mawili hayakuwa kosa la kura ya kupanga yenyewe, lakini nenda kamwambie mtu aliyeona kwenye tivii.

Cha tatu, watu wangapi wapangwe. New York ni watano, Alaska wanne kwa sababu mchujo wao unapitisha wanne. Mi ningesema usizidishe watano, karatasi inakuwa kama ratiba ya basi.

Na je, uchanganye na mchujo wa wazi? Alaska walichanganya, mchujo mmoja wa vyama vyote halafu wanne wanakwenda kwenye kura ya kupanga, wakapita 2020 kwa asilimia 50 na nusu hivi, pembamba sana. Colorado, Idaho na Nevada wakaiga 2024 wakaanguka, Idaho karibu saba kwa kumi walikataa. Maoni yangu, usichanganye, mtu ukimpa vitu viwili vipya atatafuta kimoja asichokipenda, na vyama vyote viwili vitakuchukia kwa pamoja kwa sababu umewagusa kwenye mchujo wao. Ila nisidanganye, Oregon hawakuchanganya na bado walikataliwa, kama asilimia 58 walisema hapana, kwa hiyo usinishike shati hapo.

Kuelezea watu

Mara ya kwanza nilipewa dakika kumi kwenye mkutano wa jumuiya, nikachora raundi zote ubaoni na mishale. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, kwa hiyo mimi nitakuwa na kura tatu na jirani yangu moja?" Nikajua nimefeli. Hilo ndo swali namba moja na jibu lake usilichore, sema: ni kura moja, inatafuta pa kukaa. Kama duru ya pili ya uchaguzi, ila hurudi kituoni, umeshasema kabisa mapema kwamba wako akitoka unakwenda kwa nani. Wanaoelewa duru ya pili wanaelewa hapo hapo.

Baada ya hapo nikawa nakuja na karatasi za mfano, watu wanapanga wenyewe, vyakula, timu, chochote, tunahesabu pale pale kwa mafungu mezani, fungu la mwisho linagawanywa wakiona kwa macho. Dakika kumi na tano. Usitumie majina ya wanasiasa wa kweli, mtaishia kugombana.

Kuhusu lugha, sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za kura zitafsiriwe inagusa Kihispania, lugha za Asia, na za wenyeji wa Amerika na Alaska. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo maelekezo ya Kiswahili mtayaandika nyinyi au muiombe ofisi ya mji, na mkiandika someni na mama zenu kabla ya kuchapa. Neno "orodhesha" watu wanalielewa kama kuandika majina. "Panga, wa kwanza mpaka wa mwisho" ndo limefanya kazi kwangu.

Halafu usiahidi mbingu. Kuna watu wanasema kura ya kupanga italeta amani, siasa za matusi zitaisha, mshindi atapendwa na wote. Wakikubana utaumbuka. Unachoweza kusema bila aibu ni kwamba mtu anaweza kumpa anayempenda kweli bila kuogopa anampitisha adui, na kwamba mshindi lazima apate watu zaidi ya wale wake wa damu. Mfano Maine 2018, wilaya ya pili ya Bunge la Marekani, Bruce Poliquin aliongoza raundi ya kwanza kwa kura 2,171, hakuna aliyefika nusu, wagombea binafsi wawili wakatolewa, Jared Golden akamaliza juu kwa 142,440 dhidi ya 138,931. Poliquin akaenda mahakama ya shirikisho, jaji akasema katiba ya Marekani haijavunjwa.

Ila ujiandae na ile Alaska ya Agosti 2022, maana mpinzani mwenye akili ataileta. Ukizipanga zile karatasi wawili wawili, inaonekana Begich angemshinda Peltola wakiwa wao tu, na angemshinda Palin pia, na yeye ndo aliyetolewa kwanza. Burlington, Vermont, 2009 kitu kama hicho kilitokea kwa meya, mwaka uliofuata wakaifuta, na miaka ya karibuni wakairudisha. Ukiulizwa usibishe wala usiseme ni uongo. Kubali, sema ndiyo inatokea kwa nadra, na kwa mfumo wa zamani Begich angekuwa wa tatu pia, mwenye kura chache kuliko wote. Na zile karatasi 11,000 zilizoishia njiani, hizo ni za watu ambao hawakupanga zaidi, ni haki yao, lakini nyingine ni kwa sababu hawakuelewa, na hilo ni deni letu sisi tunaoelezea.

Soma pia maneno ya swali lenyewe litakavyotokea kwenye karatasi. Missouri 2024 marufuku ya kura ya kupanga iliwekwa swali moja na kuzuia wasio raia kupiga kura, kitu ambacho tayari kilikuwa hakiruhusiwi kisheria. Mpiga kura akisoma la uraia anasema ndiyo, na kura ya kupanga inazikwa humo humo. Ilipita kwa karibu asilimia 68. Ukiona swali la namna hiyo linaandaliwa jimboni kwenu, paza sauti likiwa bado kwenye kamati, likishafika kwenye karatasi ya kura umechelewa.

Mkishinda

Hamjamaliza. Maine baada ya yale maoni ya mahakama, Oktoba 2017 bunge likapitisha sheria ya kuichelewesha na kuifuta kabisa kama katiba isingebadilishwa. Wao wana kitu kinaitwa veto ya wananchi, yaani wananchi kuisimamisha sheria ya bunge mpaka wapige kura, siku 90 tu kukusanya saini zaidi ya 61,000, wakakusanya kwenye baridi la kule, Desemba na Januari, theluji mpaka magotini. Wakafikisha. Juni 2018 wapiga kura wakaulizwa tena, wakasema tunaitaka, na siku hiyo hiyo ndo walikuwa wanaitumia kwa mara ya kwanza kwenye mchujo. Angalia jimbo lako bunge linaruhusiwa kufuta sheria ya wananchi baada ya muda gani. Alaska haliruhusiwi kuifuta kwa miaka miwili, kwingine wanaweza kesho asubuhi.

Ule mwaka wa kwanza baada ya ushindi weka nguvu zote kwenye kufundisha, sio kusherehekea. Nenda kwa makarani ukawasaidie, kaa kwenye majaribio ya mashine, andika maelekezo, jibu simu. Mpinzani anasubiri kosa moja tu.

Alaska wapinzani walikusanya saini zao, Novemba 2024 swali la kuifuta likarudi kwa wananchi, kwenye kura zaidi ya 320,000 wakahesabu, wakahesabu tena kwa kuomba, tofauti ikawa 743. Imebaki. Kwa hiyo ile listi ya namba za simu za watu waliosimama na fomu kwenye baridi, usiifute kwenye simu yako hata ukibadilisha simu.